Vigingi vya Safu ya Kumi na Moja

Ofisini walikuwa wakinitania kwamba nina bahati kuliko wote, kwa sababu wateja wangu hawalalamiki. Nilikuwa mkaguzi wa makaburi ya umma katika manispaa yetu kwa miaka kumi na sita, na utani huo niliusikia kila Jumatatu kutoka kwa bwana yule yule wa leseni za biashara, ambaye hakuuchoka hata siku moja. Nilikuwa nacheka ili yaishe. Hata hivyo, ninayetaka kumweleza hapa si mimi, ni Mzee Kamba, msimamizi wa makaburi, aliyefanya kazi chini yangu na ambaye nilimtendea ubaya nikiwa na akili zangu timamu.

Jina la Kamba alipewa na wachimbaji wenzake. Alikuwa na kamba ya nailoni yenye misumari mirefu miwili kwenye ncha zake, na kila shimo lilipotaka kuchimbwa aliinyoosha kutoka kichwani mwa safu hadi mwisho, ili mtu asitoke nje ya mstari hata kwa upana wa kiganja. Wachimbaji walimwona msumbufu. "Sasa mzee, huyu anayekuja kulala hapa ataangalia mstari?" mmoja alimuuliza mbele yangu. Mzee Kamba akamjibu, "Yeye hataangalia. Mama yake ataangalia."

Alikuwa mfupi, miguu mikubwa kuliko kimo chake, na buti za manispaa hazikuwahi kumtosha, kwa hiyo alizikata mbele vidole vikapata hewa. Alianza kama mchimbaji akiwa na miaka ishirini na mitatu. Magoti yalipogoma wakampa usimamizi, pamoja na kibanda kando ya geti chenye kiti kimoja, birika, majembe yaliyoegemezwa ukutani na daftari la maziko alilolifunga ndani ya mfuko wa plastiki mvua isilifikie. Mke wake alikuwa hasikii vizuri, na kwa kuishi naye miaka yote hiyo Mzee Kamba alisahau kuongea taratibu. Akinong'ona, safu nne zinasikia. Niliwahi kumwomba apunguze sauti wakati wa maziko, akaniambia, tena kwa sauti ile ile, "Napunguza, mama mkaguzi!" Wafiwa wakageuka wote.

Waliozikwa aliwaita wapangaji. Ukimtajia jina la marehemu hakuligusa daftari, alinyanyuka tu akakutangulia. Niliona watu waliokuwa wameishi ugenini miaka kumi, wamekuja na maua na aibu ya kutokumbuka mahali, na yeye akiwapeleka moja kwa moja huku akiwapa pole utadhani msiba ulikuwa jana. Mimi mwenye kazi ya kumkagua nilihitaji ramani.

Mwaka fulani halmashauri ilipitisha kwamba makaburi mapya yasiwe tena na matuta. Ardhi isawazishwe, nyasi zipandwe, na kila kaburi liwe na kigingi cha chuma chenye kibao cha namba mpaka familia itakapoleta jiwe. Ulikuwa mpango mzuri kwa macho. Ubaya wake ni kwamba ukiondoa vigingi, safu nzima ni nyasi tupu, na hujui mtu yuko wapi wala ni nani.

Mzee Kamba aliuelewa ubaya huo siku ya kwanza. Nyasi zilipokua, alifanya safu moja moja. Anang'oa vigingi vya safu hiyo, kila kimoja anakilaza kwenye njia ya zege mkabala na tundu lake, mashine ya kukata nyasi inapita, anavirudisha vyote, ndipo anahamia safu nyingine. Kazi ya siku moja ilimchukua siku nne. Niliwahi kuandika kwenye fomu yangu kwamba msimamizi ni mzito.

Basi kamati ya madiwani ya afya na mazingira ikatangaza kututembelea, na wakati huo Mzee Kamba alikuwa amelazwa hospitali kwa homa ya mapafu. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Niliazima mashine kubwa ya uwanja wa mpira, na wenyewe waliitaka irudi kabla ya saa kumi. Mimi nikaamuru vigingi vya safu zote ving'olewe kwa mpigo mmoja. Viliwekwa kwenye toroli, vikasukumwa pembeni, mashine ikapita kwa raha zake. Jioni tukavirudisha kwa kutumia daftari na futi ya kupimia. Namba moja, hatua kadhaa, namba mbili, hatua kadhaa, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nilikuwepo. Nilishika ncha moja ya futi na nilijisikia hodari kweli kweli.

Madiwani walikuja, wakatembea hatua ishirini kutoka getini, wakasifu nyasi, wakapigwa picha. Mwenyekiti wa kamati alisema makaburi yetu yanavutia, neno ambalo hadi leo sijui alilitoa wapi mahali pale. Wiki hiyo hiyo nikapata barua ya pongezi. Mume wangu, ambaye ni fundi seremala, aliichongea fremu akaitundika sebuleni juu ya televisheni.

Mzee Kamba alirudi kazini akiwa amekonda, shati linamning'inia. Alizunguka safu zote kama kawaida yake, kisha nikasikia ananiita.

"Mama mkaguzi! Safu ya kumi na moja imehama!"

Nilimkimbilia, nikamwomba atoe sauti ya chini. Akajaribu. Akanionyesha pale penye kigingi cha namba tano, akapiga buti chini.

"Hapa hapana mtu. Hapa pana mwamba. Tulipokuja kumchimbia namba tano tulikuta mwamba, tukaruka, tukamzika nafasi inayofuata. Sasa nyinyi mmempa mwamba namba tano, namba tano mmempa kigingi cha sita, na kwenda mbele kila mtu ana kigingi cha jirani yake. Watu kumi na sita. Huyu wa mwisho kabisa hana kitu. Mtu akipita anaona pako wazi."

"Kwenye daftari mwamba haumo," nilisema, na huo ndio ukawa utetezi wangu.

"Mwamba haujafa, mama mkaguzi. Utaandikwaje?" Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Nipe asubuhi moja tu. Navirudisha vyote."

Ningempa asubuhi hiyo, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini katika siku zile chache familia mbili zilikuwa zimeshafika. Moja ilikuwa imemwaga kokoto nyeupe kuzunguka kigingi, nyingine imepanda ua. Vikihama, wangeuliza. Ingebidi barua ziende kwa familia kumi na sita, na kila barua ingetaka maelezo, na maelezo yote yangefika kwa mtu mmoja aliyeamuru vigingi ving'olewe kwa mpigo ili madiwani wapate picha nzuri. Barua yangu ya pongezi ilikuwa bado inanukia vanishi.

"Tungoje kwanza, mzee wangu," nikamwambia. "Mambo yakitulia tutarekebisha."

"Yatatulia lini?"

"Nitakwambia. Kwa sasa hili libaki kati yetu."

"Wewe ndiye ofisi," akasema. "Lakini jiwe halitawekwa safu hii. Kigingi nitakihamisha siku yoyote utakayosema. Jiwe la watu, lenye jina la mtu wao, mimi siwezi kulihamisha."

Hiyo ndiyo mara pekee aliyowahi kunikatalia kitu.

Miaka minne ikapita. Kila robo mwaka nilijaza fomu ya ukaguzi, na kwenye kisanduku cha mpangilio wa safu na vigingi nilitia tiki pale palipoandikwa "sawa". Nilizitia nikiwa getini, sikutaka kufika safu ya kumi na moja. Mwaka wa kwanza Mzee Kamba aliniuliza mara mbili tatu kama mambo yametulia. Baadaye akaacha kuniuliza, na kule kuacha kuliniuma kuliko maswali yenyewe. Familia zilizotaka kuweka mawe safu ile alizipiga chenga kwa upole, anawaambia ardhi haijatulia, wavute subira. Wengi walivuta.

Siku moja nilimkuta amejifungia kibandani mchana kweupe. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kuna mtu analia kwenye kaburi lisilo lake, na yeye hawezi kukaa nje akamtazama. Nikajitia sikusikia. Na Mzee Kamba si mtu unayeweza kudai hukumsikia.

Aliyekuwa akilia ni fundi cherehani mmoja, mama wa makamo mwenye kibanda cha kushonea karibu na soko. Mumewe, fundi bomba, alizikwa namba tisa. Kila Jumamosi kabla ya kufungua kazi alifika makaburini na ndoo yake, anafuta kibao, anaigeuza ndoo anaikalia, anamsimulia mumewe habari za wiki nzima. Mtoto wa pili kafeli hesabu. Paa limevuja tena upande ule ule. Shemeji yako kaoa, usiniulize kamwoa nani. Nilimsikia kwa masikio yangu siku nilipopita njia ya nyuma, na niliondoka haraka. Aliyekuwa chini yake alikuwa namba nane, mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kumjua.

Mama huyo alichonga jiwe. Alilileta na pikapu mara ya kwanza, Mzee Kamba akamwambia ardhi haijatulia. Akalileta mara ya pili baada ya miezi mitatu, akaambiwa hivyo hivyo. Mara ya tatu alimuuliza ardhi gani isiyotulia miaka minne, na Mzee Kamba akasema tu, "Ngoja kidogo, mama yangu." Akarudi na jiwe lake nyumbani. Wiki iliyofuata barua yake ikafika kwa mkuu wa idara yetu, imeandikwa kwa mkono: msimamizi wa makaburi ananizungusha, nadhani anataka apewe chai ila anaona haya kusema.

Tuliitwa sote ofisini kwa mkuu wa idara. Feni ilikuwa inazunguka bila kutoa upepo. Fundi cherehani alikaa upande mmoja na mkoba wake mapajani, Mzee Kamba upande wa pili na kofia mkononi, mimi katikati na faili la fomu zangu.

"Mzee, ulimwomba mama huyu chochote?" mkuu wa idara aliuliza.

"Hapana, bosi."

"Sasa unamzuia kwa sababu gani?"

Mzee Kamba alinigeukia. Hakunitazama kwa vitisho. Alinitazama kama mtu anayekupisha mlangoni upite wewe kwanza. Sikupita. Akashusha macho, akasema, "Ardhi ya pale haijatulia."

"Mkaguzi," mkuu akaniuliza mimi, "fomu zako zinasemaje?"

Nilijua ninachotakiwa kusema. Kilikuwa kifupi, kingeisha kabla feni haijazunguka mara kumi. Lakini mwezi ule nilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo, na kichwani nilishamwona mume wangu akichonga fremu nyingine. Nikafungua faili ingawa sikuhitaji kulifungua.

"Zinasema safu ya kumi na moja iko sawa," nilisema.

Na kweli zilisema hivyo. Nilizijaza mwenyewe.

"Si mnaona?" akasema fundi cherehani, akaanza kulia kwa hasira.

Hawakumfukuza Mzee Kamba, kwa kuwa hakuna aliyethibitisha kwamba aliomba kitu. Walimhamishia karakana ya magari ya taka, afungue geti na kuandika namba za malori. Siku ya kukabidhi ofisi alinipa funguo za kibanda na lile daftari ndani ya mfuko wake. Hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu.

"Atakayekuja," alisema, "mwambie mwisho wa safu ya kumi na moja pasichimbwe. Panaonekana pako wazi lakini pana mtu."

"Nitamwambia, mzee wangu."

Sikumwambia. Ili nimwambie ingebidi nimweleze kwa nini, na nikishaanza kueleza ningeishia wapi? Nikajipa moyo kwamba nafasi za kuzika ziko tele safu za juu, nani atahangaika na kona ile. Jumamosi hiyo hiyo fundi cherehani aliweka jiwe lake, zuri, la kijivu, jina la mumewe kwa herufi nyeupe, juu ya mwalimu wa watu.

Msimamizi mpya alitoka idara ya bustani. Alikuwa mtu nadhifu anayefuata maandishi, na maandishi yalimwambia safu ya kumi na moja ina nafasi moja mwishoni. Miezi tisa baadaye akawapa wachimbaji nafasi hiyo. Walipofika kiunoni, jembe likagonga mbao.

Nilipigiwa simu. Nilipofika, wafiwa walikuwa wamesimama getini juani na jeneza lao kwenye gari, hawaelewi wanasubirishwa nini. Wachimbaji walikuwa wametoka shimoni na hakuna aliyetaka kurudi. Msimamizi mpya ameshika daftari wazi kifuani, anarudia neno moja. "Linasema pako wazi, mama. Angalia mwenyewe. Linasema pako wazi." Tukafukia, tukachimba kwingine, na familia ile ikakaa saa tatu nzima juani na maiti wao kwa sababu yangu. Walinishukuru nilipowaletea maji.

Mkuu wa idara alifika akihema. "Hii imetokeaje?"

"Nadhani vigingi vilichanganyika zamani, wakati wa kukata nyasi."

"Enzi za Kamba?"

"Enzi za Kamba," nikasema.

Kila neno lilikuwa la kweli. Vilichanganyika, wakati wa kukata nyasi, enzi za Kamba. Siku hiyo nilijifunza kwamba mtu anaweza kusema uongo mtupu bila kutamka jambo hata moja la uongo, na nilijichukia kwa jinsi ulivyonitoka kirahisi.

Ikaamuliwa familia zote za safu ile ziitwe, na safu ipangwe upya mbele yao. Na nani aliyejua kila mtu yuko wapi? Mmoja tu. Nikatumwa mimi kumwita.

Nilimkuta karakana, kwenye kiti cha plastiki kando ya geti, malori yanapishana na harufu ya taka imekaa hewani kama ukuta. Kwenye daftari la malori alikuwa amepiga mistari kwa rula, kila lori na mstari wake. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ni lini?"

"Alhamisi, saa tatu asubuhi."

"Nitahitaji watu wanne wa kubeba lile jiwe."

"Mzee wangu," nikasema, "siku hiyo nitasema mwenyewe. Mbele ya watu wote. Nitasema ni mimi."

"Haya, mama mkaguzi," akasema, akainuka kumfungulia lori geti.

Nilikusudia. Naomba hilo liaminike hata kama mengine hayaaminiki. Usiku wa kuamkia Alhamisi niliandika maneno yangu kwenye karatasi, mistari sita, nikamsomea mume wangu. Akasema, "Ni kweli yote haya?" Nikamwambia ni kweli. Asubuhi niliikuta ile fremu imeshushwa, imeegemezwa chini, uso umegeukia ukuta.

Alhamisi watu walijaa safu ya kumi na moja. Familia zote zilifika, na mkurugenzi wa manispaa alifika, na madiwani wawili. Mzee Kamba alikuja na nondo. Aliichomeka nafasi ya kwanza ikazama, ya pili ikazama, ya tatu, ya nne. Ya tano ikagonga, kikasikika kishindo cha mwamba, na kila mtu aliyekuwepo akaelewa. Kisha akaanza kuvihamisha. Kila alipokishindilia kigingi alitaja jina la mpangaji wake kwa ile sauti yake, bila kutazama daftari, na familia ya jina hilo ikasogea hatua moja. Wengine walikuwa wamebeba maua, wakayainua wakayahamisha. Kikongwe mmoja alisogea, akasimama, akageuka kuitazama tena ile sehemu aliyokuwa akiililia, kama mtu aliyeacha kitu ndani ya gari.

Walipofika kwenye jiwe, wale wanne wakalinyanyua. Watoto wa mwalimu mstaafu walikaa pembeni. Fundi cherehani alilitazama jiwe likisogea, hakusogea nalo.

"Nani alivichanganya?" akauliza.

Karatasi yangu ilikuwa kwenye mkoba, na mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, nimeishika. Mzee Kamba alifuta nondo kwa kitambaa, taratibu, ncha hadi ncha. Akakohoa. Akazitazama buti zake. Nafasi aliyonipa ingetosha kusoma mistari yote sita. Nilimwona mkurugenzi. Niliwaona madiwani. Nikaona jinsi watakavyonigeukia wote kwa pamoja.

"Kosa ni la makaburini, mama yangu," Mzee Kamba akasema mwishowe. "Na msimamizi wa makaburi nilikuwa mimi."

"Kumbe ulijua!" Fundi cherehani alimsogelea. "Ndiyo maana ulinizuia! Mimi nadhani unataka chai, kumbe unaficha uozo wako! Miaka yote hiyo nakaa hapa namsimulia mtu baki habari za ndani kwangu. Nimemwambia mambo ambayo hata dada yangu hayajui. Na wewe unaniona! Uko pale kibandani unaniona!"

"Nilikuona, mama. Nisamehe."

"Sikusamehe."

Mzee Kamba akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei akaikubali. Karatasi nilikuwa nimeshaitoa nje ya mkoba. Nikaikunja, nikairudisha.

Watu walipotawanyika nilimfuata bombani, alikuwa ananawa mikono.

"Mzee wangu, nilitaka kusema. Haki ya Mungu nilitaka. Kwa nini ulinitangulia?"

Akafunga bomba, akahakikisha halidondoki.

"Sikukutangulia," akasema.

Akachukua nondo yake, akapanda lori la taka lililokuwa linamsubiri.

Cheo nilipata. Baada ya mwaka na nusu ile homa ya mapafu ilimrudia Mzee Kamba, na mara hii haikumwacha. Nilihudhuria maziko. Nilisimama karibu wakati kigingi chake kinashindiliwa, na mke wake, watoto wao wakiwa pembeni yake, aliniuliza kwa sauti kubwa, kila mtu akasikia, "Wewe ndiye bosi wake? Alikuwa anakusifu." Mwezi huo nikaandika kwa mkurugenzi yote niliyoyaandika hapa, kwa ufupi zaidi, nikaomba kustaafu. Wakanijibu kwamba suala hilo lilishafungwa, na wakanitakia maisha mema.

Kwa hiyo nilikwenda kibandani kwa fundi cherehani. Alikuwa anapinda upindo wa sketi ya shule, miguu inakanyaga cherehani. Aliponiona alidhani nimeleta nguo. Nikabaki nimesimama, nikamweleza kila kitu tangu toroli la vigingi, hospitali, fomu, mpaka ile karatasi. Katikati ya maelezo miguu yake iliacha kukanyaga. Sikujitetea popote, na nilitaka alione hilo, jambo ambalo nalo linanitia aibu.

"Alikuwa anapita hapa," akasema. "Kila asubuhi, akienda karakana. Ananiamkia kwa sauti mpaka wateja wanaruka. Mwaka na nusu sikuitikia salamu yake hata mara moja. Na hakuacha kunisalimu."

"Ni kosa langu mimi, dada."

"Najua ni lako. Umeshasema." Akachukua kitambaa akajifuta uso, ni kipande cha ile sketi, hakujali. "Sasa umekuja nikusamehe?"

Ndicho kilichonileta.

"Kalala wapi?" akauliza.

"Safu ya ishirini na mbili, kaburi la nne. Nilikuwepo dada, kwa macho yangu. Nikupeleke hata sasa hivi."

Alinitazama kwanza usoni, kisha mikononi. Hakuwa na hasira. Akairudisha sketi chini ya sindano, akainyoosha.

"Hapana," akasema. "Nitawauliza watoto wake."